Usiuze Nyundo Yako

 

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hapa Kanzenze, wilayani Rubavu, Rwanda, tukizibua mtaro uliojaa udongo. Kazi ilipokwisha, watu wakiondoka na majembe begani, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando. Ni fundi mwashi. Namfahamu tangu nikiwa kijana. Kwapani alikuwa na kigunia. Akachutama kwa taabu, akakifungua, akapanga vitu vyake juu ya majani kimoja kimoja: nyundo mbili, tindo tatu, mwiko, timazi yenye uzi uliofungwa mafundo, na pimamaji, ile tunayoiita nivo. Akasema: "Mdogo wangu, nitafutie mnunuzi. Kazi hii imenishinda. Goti halikubali tena kupanda jukwaa."

Niliichukua ile nyundo kubwa nikaishika. Mpini wake umelika pale vidole vinapokaa, umeacha mabonde manne, kila bonde la kidole chake. Vidole vyangu havikuenea mle. Miaka 30 ya kugonga mawe imechongwa kwenye kile kipande cha mti, na yeye alikuwa anataka kukiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Nikamrudishia. Nikamwambia: "Mzee wangu, usiuze. Njoo nyumbani kesho tuzungumze." Alikuja, tukaongea mpaka giza likaingia. Mazungumzo ya leo ni yale niliyomwambia, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kuna seremala anayenisikiliza sasa hivi ambaye macho yameanza kumkataa. Kuna mama wa cherehani ambaye shingo haimpi usingizi. Kuna fundi makanika anayejiuliza kila asubuhi kama ataweza kulala tena chini ya gari kwenye baridi hii ya kwetu. Wote wana swali moja: baada ya miaka yote hii, nikiacha kazi hii, mimi ni nani?

Nilimwambia mzee asiuze vyombo vyake kwa sababu mimi niliuza vyangu.

Nilianza mwaka 1999, nikiwa na miaka 17. Nilianza kama wote wanavyoanza, yaani umuyede, msaidizi wa fundi: kuchota maji, kuchekecha mchanga, kuchanganya udongo, kubeba mawe kichwani. Kwa miaka miwili sikuruhusiwa kugusa mwiko. Fundi wangu alikuwa akisema macho ndiyo hujifunza kwanza, mikono hufuata. Nilikasirika wakati ule. Baadaye nilimshukuru.

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ikapita katikati ya mji wa Goma, ng'ambo ya mpaka, mpaka ziwani, na watu kwa malaki wakavuka kuja kwetu Gisenyi. Vumbi lilipotulia, sisi mafundi wa upande huu tukawa tunavuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri kwenda kuijenga Goma upya. Na tulijenga kwa mawe gani? Kwa lava ileile iliyoibomoa. Palepale lilipokuwa limelala zulia jeusi la mwamba, tulivunja, tukachonga, tukainua kuta.

Jiwe la volkano, amakoro kama tunavyoliita hapa, halitaki kupigwa hovyo. Ni jeusi, lina vitundu vitundu kama mkate, na kingo zake hukata kama kigae cha chupa. Kabla ya kulipasua unaligonga kidogo na kulisikiliza. Likilia kwa sauti kavu, ya juu, ni zima. Likijibu kwa sauti nzito iliyokufa, ndani lina ufa. Ukiliweka kwenye pembe ya nyumba, umemwachia mwenye nyumba deni atakalolipa siku ardhi itakapotikisika. Ukishalisikiliza, unaligeuza mpaka uuone uso wake. Kila jiwe lina uso. Uso unauelekeza nje, na mkia unauingiza ndani ya ukuta ukafungamane na wenzake. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa maneno. Yaliingia kupitia masikio na ncha za vidole, mwaka baada ya mwaka.

Mei 2021 volkano ililipuka tena, na matetemeko yakaitikisa Rubavu siku baada ya siku. Mnakumbuka tulivyolala nje. Nilizunguka mitaani nikitazama nyufa, na mbele ya nyumba nyingi niliweza kusema sababu bila kuuliza: hapa pembe haikufungwa, hapa msingi haukushuka vya kutosha, hapa saruji ilipunjwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mgongo wangu. Asubuhi moja niliinama kuchukua jiwe ambalo siku zote ningelibeba kwa mkono mmoja, sikuweza kuinuka. Vijana walinibeba mpaka kivulini. Nilikuwa na miaka 40, na miaka 23 ya uashi nyuma yangu.

Wasikilizaji, mtu aliyeumia hufanya maamuzi ya haraka. Niliona kila chombo changu kinanicheka pale ukutani. Nikaviuza vyote kwa siku moja. Fedha zile nikaziingiza kwenye biashara ya viazi. Huku kwetu viazi ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari. Nikadhani kwamba mtu aliyezaliwa kwenye viazi anajua kuuza viazi. Sikujua kupanga bei. Sikujua mnunuzi wa jumla anafikiri nini anapokaa kimya. Nilinunua bei ikiwa juu, nikauza bei ikiwa imeshuka, na shehena moja ikaoza mvua ilipokata barabara ya shambani. Baada ya miezi mitano mtaji ulikuwa umekwisha.

Nikaenda kuomba kazi ya usimamizi kwenye kampuni moja ya ujenzi ambayo sitaitaja. Kijana aliyekuwa mezani aliniuliza cheti kiko wapi. Nikamnyooshea mikono. Akaitazama kwa upole kabisa, akasema: "Mzee, mikono haina muhuri." Alisema kweli kwa upande wake. Nami nilitoka pale nikiamini kwamba miaka yangu 23 imepotea.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku moja nilikuwa nimekaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, sina la kufanya. Mama mmoja alikuwa anataka kulipia mifuko 40 ya saruji kwa ajili ya ukuta wa uzio. Kuna mtu alikuwa amemtajia idadi hiyo. Nikamwuliza, mama, ukuta una urefu gani? Kimo chake? Ni wa mawe au wa tofali? Nikahesabu kwa kijiti kwenye vumbi, nikamwambia: "Mama, nunua 25 kwanza. Ikipungua, njoo unidai." Kwa hali niliyokuwa nayo, sijui ningemlipa nini. Lakini hesabu nilikuwa na uhakika nayo. Ukuta ulipokwisha, ilibaki mifuko miwili.

Mwenye duka alikuwa anasikiliza. Wiki iliyofuata aliniita. Tangu hapo kazi yangu ni hiyo: mtu akitaka kujenga, namkadiria mawe, mchanga, saruji na nondo kabla hajatoa fedha, nakwenda kuona kiwanja, nakagua kazi ya mafundi vijana na kuwaonyesha pale walipokosea. Kubeba mawe na kujua mawe ni mambo mawili. Mgongo ulikataa la kwanza. La pili lilikuwa palepale, mimi ndiye niliyekuwa nimelidharau.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Tunausema msemo huu kila siku, lakini fundi anapotaka kubadili kazi tunamtendea kana kwamba umezeeka na kufa. Tunamhesabu kama mtoto anayeanza darasa la kwanza. Ninalotaka kusema leo ni hili: fundi aliyefanya kazi miaka mingi akihama, anahama na mzigo wake. Swali la kwanza asijiulize ataanza kazi gani. Ajiulize ndani ya mzigo kuna nini.

Najua wapo watakaonijibu kwa msemo mwingine: mwacha asili ni mtumwa. Nimeusikia mara nyingi, hata kwa ndugu zangu wa damu. Mtoto wa fundi awe fundi, afe fundi. Basi niwapeleke pwani, Unguja, katika kijiji cha Fumba.

Huko alizaliwa, kiasi cha mwaka 1880, binti wa wazazi wafinyanzi. Wakamwita Mtumwa. Alikulia kwenye udongo: kuukanda, kufinyanga vyungu, kuvichoma, kisha kuvibeba mpaka mjini na kupita vichochoroni akivinadi. Ufinyanzi ni kazi ya mikono yenye ujuzi kama uashi. Udongo usiokandwa vizuri hukiumbua chungu motoni. Lakini katika kunadi vyungu, sauti yake ilikuwa inapata mazoezi. Sauti ya mchuuzi lazima ipande, ipite ukutani, imfikie mtu aliye jikoni, na impendeze, la sivyo hatafungua mlango. Kiasi cha mwaka 1911, akiwa na umri wa kama miaka 30, alihamia mjini, akajifunza kuimba na kughani kwa walioijua kazi hiyo. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zake za Kiswahili zikasikika pwani nzima. Watu waliacha kumwita Mtumwa, wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ndiye Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu.

Tazameni basi. Yeye aliacha asili ya ufinyanzi, na ndipo jina la Mtumwa lilipomwacha. Lakini je, aliiacha yote? Aliacha udongo. Sauti aliyoipalilia kwa miaka mingi ya kunadi vyungu alikwenda nayo. Kama angeambiwa kwamba kunadi vyungu ni kunadi vyungu tu, basi sauti ile ingeishia mlangoni mwa wanunuzi.

Huo ni mfano wa aliyetoka kabisa. Kuna pia mfano wa aliyebaki akabadili kitu kimoja. Tupande kaskazini mpaka Lamu, Kenya. Ali Skanda ni fundi wa kuunda majahazi. Kazi hiyo pwani hurithishwa toka baba hadi mwana, na miti mizuri ya kuundia inazidi kuadimika. Yeye pamoja na wenzake waliokota plastiki iliyotupwa ufukweni, wakaiyeyusha na kuigeuza mbao, wakaunda jahazi la urefu wa mita zipatazo 9, likapambwa kwa maelfu ya ndala za rangi zilizokuwa takataka. Likaitwa Flipflopi. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, safari ya kama kilomita 500. Fikiria fundi aliyezoea mti maisha yake yote, anayejua ubao unavyopinda na msumari unavyokaa, anawekewa mbele ubao wa plastiki ambao haufanani na mti wowote. Angeweza kusema, hii si kazi yangu. Lakini umbo la jahazi lilikuwa kichwani mwake, na plastiki ikalazimika kulifuata.

Sisi wenyewe hapa Rwanda tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Mnakumbuka mwaka 2011, wakati kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, ilipokuwa imepamba moto nazo zikawa zinaezuliwa nchi nzima. Ilikuwa neema kwa familia zilizokuwa zinavujiwa. Lakini waezekaji wa nyasi, watu wenye ufundi wa kweli, walipoteza kazi ndani ya msimu mmoja. Niliwajua wawili. Mmoja alirudi shambani, akawa kila akikuta watu anasema ufundi wake umeuawa. Wa pili alikuja kwetu kwenye ujenzi, akaomba kupanda juu pamoja na wapiga mabati. Vijana walimcheka, kwani hakujua hata kushika misumari ya bati. Lakini alijua upepo. Alijua mvua ya huku hupiga kutoka upande gani na paa likae na mteremko kiasi gani ili maji yasirudi nyuma. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyepandisha paa bila kumwuliza.

Na ninyi mnaonisikiliza kwa redio mliyoirithi kwa baba, ikiharibika mnampelekea nani? Mafundi redio wengi tuliowajua leo wanatengeneza simu. Ule mkono uliojifunza kuyeyusha risasi ya kulehemu bila kuchoma waya wa jirani ndio huohuo unaofungua simu ya mwanao.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Fundi akibadili kazi anapoteza kitu, na tukikana hasara hiyo hatutamsaidia. Anapoteza jina. Kanzenze hii, mimi nilikuwa naitwa "fundi" barabarani. Watoto wa shule waliniita fundi. Siku nilipoanza kuuza viazi, nikawa mtu wa kawaida asiyejua kazi yake. Mtu wa miaka 40 kuwa mwanafunzi mbele ya kijana wa miaka 22 kunauma, hata kama kijana mwenyewe ana adabu. Na nyumbani kunakuwa na ukimya. Mke anahesabu fedha za sabuni na unga bila kusema neno, na huo ukimya mtu anausikia kuliko matusi. Wengi wameingia kwenye pombe kwa njia hiyo. Tusiwahukumu, tuwawahi.

Sasa nishuke kwenye mambo ya kufanya, kama nilivyomwambia mzee wangu.

Jambo la kwanza, usingoje mwili ukufukuze. Mimi nilikuwa na dalili miaka mitatu kabla. Nilikuwa nainuka kitandani kwa kushika ukuta, na bado naahidi kazi mpya. Fundi akianza kuona kwamba maumivu ya jioni yanamkuta asubuhi, huo ndio wakati wa kuanza kuhama, akiwa bado ana wateja, ana kipato na ana uwezo wa kuchagua. Ukihama ukiwa unatembea, unachagua njia. Ukihama ukiwa umebebwa, unachaguliwa.

Jambo la pili, kaa chini na uandike unachokijua. Usiandike "najua kujenga". Hilo halimsaidii mtu. Andika: najua kukadiria vifaa. Najua kusoma ramani. Najua kuongoza watu sita wasigombane mpaka jioni. Najua kumwambia mteja bei bila kumkimbiza. Najua kutambua ufa wa juu juu na ufa wa hatari. Kama huandiki, mwite mwanao akuandikie. Mzee wangu alidhani ana jambo moja. Tulipomaliza, tulikuwa tumejaza karatasi pande mbili, naye akawa anaitazama kama karatasi ya mtu mwingine.

Na msidhani hayo ni maneno matupu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua ilipoleta maafa na mto Sebeya ukafurika, zaidi ya watu 130 walipoteza maisha katika maeneo yaliyokumbwa nchini. Tuliwazika. Siku zilizofuata, watu walirudi kwenye nyumba zao na kila mmoja alikuwa na swali lilelile: ukuta huu niuamini, au niubomoe? Kuta za tofali mbichi zilikuwa zimelowa chini, zinaonekana nzima kumbe mguu umekwisha kuyeyuka. Sikuwa na nguvu ya kubeba jiwe hata moja. Nilipita na kijiti na nivo ya kuazima, nikigonga, nikisikiliza, nikisema hapa msilale, hapa mnaweza kuingia mtoe vitu. Sijawahi kufanya kazi yenye maana kuliko hiyo katika miaka yangu yote, na niliifanya nikiwa nimekwisha kuacha uashi.

Jambo la tatu ni ule muhuri. Yule kijana aliniumiza, lakini alinifunza. Rwanda ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita shuleni. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na kazi za mikono, STECOMA, kimeshirikiana na mamlaka za mafunzo ya ufundi ili mafundi wa aina yetu wapimwe. Hukalishwi darasani miaka mitatu. Unatazamwa ukifanya kazi, unaulizwa kwa nini umefanya hivi na si vile, na ukifaulu unapewa cheti. Wenzetu wa Tanzania wana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Kenya wana NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inayowapima mafundi kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Mimi nami nilipimwa, nimechelewa lakini nilipimwa. Karatasi ile haikuniongezea ujuzi hata chembe. Ilichofanya ni kuwafanya wasionijua waamini kile ambacho wanaonijua hawakuhitaji kuambiwa. Fundi mwenzangu, tafuta cheti ungali na nguvu ya kuonyesha kazi. Mpimaji hawezi kuupima ujuzi wa mtu aliyelala kitandani.

Jambo la nne ni akiba. Fundi hulipwa kwa kazi, na fedha ya kazi huja kama mvua, leo mafuriko kesho ukame. Hana bosi wa kumkatia pensheni. Kwa ajili ya watu kama sisi serikali iliweka mpango wa akiba wa Ejo Heza, kwa sheria ya mwaka 2017, nao ukazinduliwa Desemba 2018. Unaweka kidogo kidogo, hata kwa simu, na ukifika miaka 55 unaanza kufaidi. Kuna SACCO pia, na vijijini kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Kuhama kazi kunataka miezi kadhaa ya kula bila kuvuna. Kama ningekuwa na miezi hiyo mfukoni, nisingeuza vyombo vyangu kwa siku moja.

Jambo la tano, hamia jirani kabla ya kuhamia mbali. Mwashi aende kwenye ukadiriaji, usimamizi, duka la vifaa, ualimu wa ufundi. Seremala aende kwenye kuuza mbao, maana anajua mti mbichi na mkavu kwa kunusa. Mama wa cherehani afundishe wasichana, akate vitambaa na kuwaachia wengine kushona. Ukitaka kwenda mbali, kama Siti alivyokwenda, nenda. Lakini jua ni nini mkononi mwako kitakachovuka pamoja nawe. Mimi niliingia kwenye viazi mikono mitupu, ndiyo maana nilitoka mikono mitupu.

Nina neno pia kwa wengine. Ninyi wenye makampuni, mtu wa miaka 45 akija na mikono yenye sugu, msimwulize cheti halafu mkaishia hapo. Mpelekeni kwenye ukuta mumwulize anaona nini. Kwa dakika 10 mtajua mengi kuliko yaliyo kwenye karatasi, kisha msaidieni apate hiyo karatasi. Ninyi vijana mnaomaliza shule za ufundi, mnajua mashine na hesabu ambazo sisi hatukuzijua. Mkimkuta mzee kwenye eneo la ujenzi, mwulizeni. Akifa na sauti ya jiwe masikioni, hakuna kitabu kitakachoirudisha. Nanyi wake na waume wa mafundi, siku mwenzenu anapokaa kimya jioni akitazama vyombo vyake, ketini naye. Mwulizeni ni nyumba ipi aliyoipenda kuijenga. Ataanza kuongea.

Nimalizie kwa mzee wangu. Hakuuza. Tumemtafutia kigoda, na sasa siku mbili kwa wiki anakaa nyuma ya duka, akiwa na vijana watatu mbele yake na lundo la amakoro. Yeye hagongi. Wanagonga wao, yeye amefumba macho. Jiwe likilia vibaya anainua mkono, nao wanaliweka kando. Wazazi wa vijana wanamlipa, si nyingi, lakini zinafika nyumbani. Ile nyundo yenye mabonde manne wanaitumia kwa zamu, na mmoja wao ameniambia kwamba kidole chake cha shahada kimeanza kuenea.

Basi wewe fundi unayenisikiliza na kigunia kimefungwa karibu na mlango, kifungue usiku huu. Usitafute mnunuzi kwanza. Chukua karatasi uandike unachokijua, na kesho umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.